Hedifoni Moja

Kwa siku saba nilikuwa nimemtazama Baadaye kila mahali isipokuwa usoni. Nilimtazama viatu, nyuzi za gitaa, mkono ulioshika karatasi ya maneno, hata kifungo cha pili cha shati lake kilichokuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja na kunikera mimi mtoto wa fundi cherehani. Usoni, hapana. Nilikuwa nimejiwekea sheria, na mimi nikijiwekea sheria huifuata kwa ukaidi ambao nyumbani kila mtu husema nimeurithi kwa mama.

Kazi yenyewe ilinisaidia. Yeye alikuwa chumba cha kuimbia, mimi chumba cha mitambo, na katikati yetu kioo kinene. Maongezi yetu ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja.

"Rudia."

"Kutoka wapi?"

"Ubeti wa mwisho."

"Sawa, Fundi."

Fundi! Mtu aliyewahi kuniita majina ya mapenzi ambayo hata leo siwezi kuyataja bila kuona haya, sasa ananiita Fundi kama mpita njia aliyeniletea redio mbovu.

Kundi lao linaitwa Waya Wazi. Wako wanne, na wanapiga roki ya kwao wenyewe, isiyotaka kufanana na ya mtu. Hii ndiyo ilikuwa albamu yao ya kwanza chini ya kampuni kubwa, ile kampuni ambayo vijana wote wenye gitaa huiota. Nyimbo tisa walikuwa wamezirekodi kwa miezi minne kwenye studio ya kampuni, na fundi wa kampuni. Wimbo wa kumi ukaletwa kwetu. Bosi wangu aliniambia tu, "Wamekutaka wewe umalizie," nami nikajua fundi wao amewachoka. Sikuuliza zaidi, maana kuuliza kungenilazimu kumtaja.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya mwisho. Saa kumi alasiri meneja wa kampuni alitakiwa aondoke na albamu iliyokamilika. Jumatatu Waya Wazi wangeanza ziara ya miezi mitano. Nami, kabla ya saa kumi na moja, nilitakiwa kumpa mama jibu kuhusu mfamasia aliyetaka kunioa.

Mfamasia hakuwa na kasoro hata moja, na nilikuwa nimemkagua vizuri. Msafi, mpole, mcheshi kwa kiasi, na akisema atafika saa tatu, saa tatu kasoro dakika mbili utamwona anafunga mwavuli mlangoni. Mama alimpenda kwa hilo la mwisho kuliko yote mengine.

Alikuwa na sababu. Miezi kumi na moja kabla ya hapo, Baadaye aliahidi kuja nyumbani Jumapili saa nane mchana, kuongea na mama rasmi. Si kwamba walikuwa hawajuani. Nyimbo za kwanza kabisa za Waya Wazi tulizirekodia kwenye stoo ya vitambaa ya mama, kwa sababu majora ya nguo yanameza mwangwi kuliko ukuta wowote. Mama alikuwa akipita na futi yake shingoni akisema, "Punguzeni hiyo kelele, mteja anadhani nachinja ng'ombe," kisha anawaachia chai. Lakini siku hiyo ilikuwa ni siku ya heshima. Tulipanga sahani tatu. Mama alivaa. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita, mama akapasha chakula mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baadaye alifika saa kumi na mbili jioni, jasho linamtiririka, na kalamu mpya ya kampuni mfukoni.

"Tumesaini," alisema.

"Na mimi?" niliuliza, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana kwamba albamu kubwa ya kwanza tutaitengeneza pamoja, yeye mbele ya maiki na mimi nyuma ya kioo.

"Wana fundi wao."

Basi. Mama hakumfokea, alianza kuondoa sahani mezani, moja moja, mbele ya macho yake. Alipoondoka, mama akaniambia kitu ambacho bado kinanichekesha na kuniuma kwa wakati mmoja: "Mwanangu, mtu anaitwa Baadaye, wewe ulitegemea akuoe lini?"

Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa ukimuuliza lolote hujibu "baadaye". Sikuwahi kuliona baya mpaka Jumapili ile.

* * *

"Amechelewa tena," meneja alisema.

"Nimesikia," nilijibu.

Ilikuwa mara ya kumi na moja. Meneja alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na simu mbili, na zote mbili zilikuwa zinamtafuta. Nyuma yetu, kwenye kochi, Nyundo mpiga ngoma alikuwa anatafuna biskuti. Wenzao wawili walikuwa wameshamaliza sehemu zao na kwenda kufunga mizigo. Kilichobaki ni sauti tu.

Na sauti ilikuwa inakwama mahali pamoja. Wimbo ule unapofika ubeti wa mwisho, kila kitu hunyamaza ghafla: gitaa, besi, ngoma, kimya kabisa kwa mapigo manne. Halafu ngoma na sauti vinatakiwa kuanguka pamoja, kwa pigo moja: *Bado nipo.* Maneno mawili tu. Ngoma ilikuwa inaanguka, na yeye anafuata nyuma yake kidogo, kama mtu aliyejikwaa mlangoni.

"Si uivute tu sauti kwenye kompyuta, ikae juu ya ngoma?" meneja aliuliza. "Fundi wetu alikuwa anavuta. Nyimbo zote tisa amezivuta."

Mkono wangu ukasimama. "Zote?"

"Zote. Huyu kijana ana sauti ya kumliza mtu, lakini kuingia hajui. Kila anaposubiriwa, anachelewa."

"Jamani!" Nyundo aliweka biskuti chini. "Mimi nampigia ngoma mwaka wa sita huu. Zamani alikuwa hachelewi. Shemeji, mwambie." Akajishika mdomo. "Samahani. Fundi, mwambie."

Niliivuta sauti mbele ya meneja ili aone mwenyewe. Ikakaa sawasawa juu ya ngoma, na ikawa imekufa. Kwa sababu anapochelewa, Baadaye huyakimbiza maneno mawili matatu yanayofuata ili awafikie wenzake. Ukimsogeza mbele, mbio zinabaki, na msikilizaji hajui mtu huyu anakimbilia wapi.

"Ndiyo maana nyimbo tisa zinasikika hivyo," meneja alisema taratibu, akivua miwani. "Wakubwa waliniambia zina baridi. Sikuelewa baridi gani." Simu moja ikalia. Akaiangalia, akasimama. "Sikiliza, mwanangu. Nakupa mpaka saa tisa na nusu. Isipoingia, albamu itatoka na nyimbo tisa. Huu hautakuwemo."

Akatoka kupokea simu. Nyundo aliacha kutafuna.

"Wimbo huu ndio alioupigania," alisema kwa sauti ya chini. "Tisa nyingine walimpangulia, wakakata huku, wakaongeza kule, akanyamaza. Huu akasema, usiguswe hata neno."

Sikutaka kuuliza kwa nini. Nilijua ameuandika lini. Maneno yake yalikuwa na sahani zinazoondolewa mezani.

Nilifanya kile ambacho fundi hufanya akiishiwa maarifa: niliacha kusikiliza, nikaanza kuangalia. Nilizipanga mara zote kumi na moja kwenye kioo cha kompyuta, moja chini ya nyingine. Mtu anayekosea, hukosea kila mara kivyake. Leo kidogo, kesho zaidi, mara nyingine anawahi kwa woga. Huyu alikuwa amechelewa mara kumi na moja kwa kipimo kile kile, sawasawa, kama amekatiwa kwa futi ya mama.

Nikafungua nyimbo nyingine. Meneja alikuwa ameniletea zote tisa ili niziwianishe na huu wa kumi, pamoja na sauti ghafi kabla hazijavutwa. Wimbo wa kwanza, kipimo kile kile. Wa nne, kile kile. Wa saba, kile kile.

Na hapo ndipo nilipoikumbuka stoo ya mama.

Tulikuwa na hedifoni moja. Moja tu, na nilikuwa naivaa mimi, maana bila hiyo nisingejua kama tunarekodi au tunapoteza muda. Wenzake walikuwa wamesharekodi. Yeye aliimba akiwa hasikii chochote, katikati ya majora ya nguo, macho yake kwangu. Nilipokuwa nasikia pigo lake linakaribia, nilikuwa naitikia kwa kichwa. Kichwa kinashuka, yeye anaingia. Tulirekodi hivyo nyimbo ishirini na zaidi. Miaka mitatu. Tulikuja kupata hedifoni ya pili, na ya tatu, lakini sikuwahi kuacha kumpa kichwa, na wala sikuwahi kufikiri kama bado anakihitaji.

Hakuwa anachelewa. Alikuwa anasubiri. Aliikaribia kila nafasi, akasubiri kichwa changu kishuke, hakikushuka, ndipo akaingia. Miezi minne, kwenye studio ambayo sijawahi kuikanyaga, alikuwa anamsubiri mtu asiyekuwepo. Na siku hizi saba, mtu yupo hatua sita mbele yake, ameinamisha kichwa juu ya mitambo kwa kiburi.

"Shemeji, unalia?" Nyundo aliuliza.

"Vumbi."

"Studio haina vumbi."

"Nyundo, kula biskuti."

Nilibonyeza kitufe cha kuongea naye.

"Weka karatasi chini," nilisema.

"Nimekosea tena maneno?"

"Hujakosea kitu. Weka chini. Niangalie mimi."

Nilisikia pumzi yake kwenye spika, karibu kabisa na sikio langu.

"Nikuangalie?"

"Na mimi nitakuangalia."

Nikainua uso.

Amekonda. Hilo ndilo la kwanza nililoliona. La pili, ndevu hazijanyolewa upande wa kushoto, kama kawaida yake, anaanza kunyoa halafu anapata wazo la wimbo. Halafu macho. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyotazama, bila kupepesa, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri.

Nikaachia muziki. Ubeti wa mwisho ukaja, gitaa likapanda, besi ikapanda, halafu kila kitu kikanyamaza. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nikashusha kichwa.

*Bado nipo.*

Ngoma na sauti vilianguka pamoja hata nisingeweza kuvitenganisha kwa wembe. Hakukimbia. Alikuwa amefika, na hakuwa na mahali pengine pa kuwahi. Akaimba mpaka mwisho, na gitaa la mwisho likaisha. Kisha Nyundo akapiga ukelele, paketi ya biskuti ikaruka, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, mzigo wa miezi kumi na moja ukinitoka mabegani.

* * *

Meneja aliusikiliza amesimama, simu zote mbili amezizima. Ulipoisha akasema, "Huo ndio. Na hizo tisa?"

"Sauti ghafi ninazo. Nipe mpaka Jumapili asubuhi. Sitavuta kitu. Nitazirudisha alivyoimba, halafu nitamwingiza studio kesho aimbe upya zile sehemu anazosubiriwa tu. Ataingia."

"Una uhakika gani?"

"Ninao."

Alinitazama juu ya miwani, akageuka kumtazama Baadaye aliyekuwa bado nyuma ya kioo, hajui afanye nini na mikono yake. Kisha akashusha pumzi.

"Afadhali. Wakubwa nitawaambia wangoje mpaka Jumapili. Kwa sababu huyu, tangu mkataba, kazi yake kutuchelewesha. Hata siku ya kusaini, Jumapili yangu yote alinimalizia. Saa tano asubuhi karatasi ziko mezani. Anasema hasaini mpaka jina la fundi wake liandikwe. Tukamwambia, kampuni haiwezi kumpa albamu nzima mtu isiyemjua. Akakaa. Saa nane, amekaa. Saa tisa, amekaa. Wenzake wanamsihi, huyu hapa ana mke mjamzito..."

"Mtoto ameshatembea," Nyundo alisema kwa unyenyekevu.

"...mpaka saa kumi na moja jioni. Mwisho tukampa wimbo mmoja, tuondoke. Imeandikwa kabisa: wimbo wa kumi utarekodiwa na fundi atakayechaguliwa na kundi." Akanishangaa. "Kwani wewe ulidhani nani amekuita?"

Mlango wa chumba cha kuimbia ulikuwa umefunguka, na Baadaye amesimama pale, hedifoni bado shingoni na waya unaning'inia. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Nilikuja kusema. Nilikimbia kutoka ofisini kwao mpaka kwenu. Nikamkuta mama ameshakunja uso." Akatazama sakafu. "Nilikuahidi kumi, nikapata mmoja. Nikaona nikisema mmoja nitakuwa nakuletea makombo mezani kwa mama yako."

"Ningeuchukua huo mmoja."

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza! Miezi kumi na moja, wewe mtu! Hata simu?"

"Nilikuwa nangoja tufike wimbo wa kumi. Nilisema nitakueleza..."

"Baadaye," Nyundo alimalizia.

Meneja ndiye aliyeanza kucheka. Nilijitahidi kubaki na hasira, kwa kuwa nilikuwa na haki nayo, lakini ilinitoroka. Baadaye alisogea hatua mbili. Hakunigusa. Alisema tu, taratibu, ili wengine wasisikie:

"Ulipoinua uso, nilidhani nitasahau wimbo."

"Nami nilidhani nitasahau kuhesabu."

Simu yangu ikalia. Saa kumi na nusu. Mama.

"Umeamua nini?" Mama hana salamu akiwa na jambo. Nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda. "Mwenzako anangoja jibu kistaarabu."

"Mama, mwambie mfamasia namshukuru sana. Na hapana."

Cherehani ikasimama.

"Ni yule?"

"Ni yule."

"Yule aliyenifanya nipashe chakula mara tatu?"

"Ndiye, mama. Siku ile alikuwa anagombania jina langu liandikwe kwenye mkataba. Tangu asubuhi."

"Nani kakwambia? Yeye?"

"Hapana. Mkubwa wa kampuni. Tena alikuwa analalamika."

Mama akafikiri. Mama yangu anaamini lawama kuliko sifa. Ukitaka akukubali, mtafute mtu akusute mbele yake.

"Hebu niwekee hiyo kelele niisikie," alisema mwishowe.

Nikaipandisha simu sauti, nikaisogeza kwenye spika, nikaufungulia wimbo kuanzia ubeti wa mwisho. Gitaa likapanda, kisha kimya kikaingia.

"Haloo?" mama alisema. "Haloo? Imekatika?"

*Bado nipo,* sauti ilimjibu.

Wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Halafu nikamsikia akipenga kamasi.

"Jumapili saa nane," alisema. "Lakini wewe mwambie saa sita."

"Mama, nimesikia," Baadaye alidakia kwa sauti ya woga. "Nitafika saa tano."

"Saa tano nitakuwa sijavaa! Nimesema saa nane."

* * *

Kuanzia Jumamosi alfajiri tulikuwa studio, na Jumapili saa nne asubuhi meneja alikabidhiwa nyimbo kumi, zote zinapumua. Nikaenda nyumbani kuoga na kupanga sahani.

Saa saba na nusu mama alichungulia dirishani. "Yule anafanya nini pale nje?"

Nilikwenda kutazama. Baadaye alikuwa amesimama kando ya ukuta wa duka la mama, mikono nyuma, kiatu kimeng'aa, ndevu zimenyolewa pande zote mbili.

"Anasubiri saa nane, mama."

"Amekuja saa ngapi?"

"Sijui. Saa tano nilichungulia nikamwona."

Mama alirekebisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na tatizo. "Sasa tumwache aungue na jua? Mwambie aingie."

Sikumwita. Nilisimama nyuma ya kioo cha dirisha mpaka aliponiona, nikashusha kichwa. Hodi yake ilisikika mlangoni kabla sijakiinua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia kiatu kupanda juu, bila haraka, kwa jicho la kazi yake, likaenda likakwama kwenye shati. Lilikuwa lile lile. "Hicho kifungo kina muda gani kinaning'inia hivyo?"

"Tangu ile Jumapili, mama. Kililegea nikikimbia kuja hapa." Akasita. "Sikutaka mtu mwingine akishone."

Mama alimvutia kiti, akamwekea sahani yake, kisha akaenda kutafuta sindano.